Uchovu sugu wa kazi: Shida inayomwanza mchapakazi hodari

UCHOVU sugu wa kazi ni hali ya mtu kuishiwa nguvu za mwili na za moyo baada ya kuvumilia shinikizo la kazi kwa muda mrefu. Hauondolewi na usingizi wa usiku mmoja.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linausema kuwa jambo litokanalo na kazi, wala si ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi au kujitenga nayo, na kupungua kwa ufanisi.

Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger wa New York aliueleza mwaka 1974, baada ya kuwatazama wahudumu wa zahanati za bure. Aligundua kwamba waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliojitolea kwa moyo wote.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya maghorofa ya Nairobi pekee. Kimana, mji wa soko la nyanya na vitunguu karibu na Amboseli katika Kaunti ya Kajiado, una walimu, wauguzi na walinzi wa wanyamapori ambao kazi yao haina mlango wa kufungwa jioni.

Mfikirie mlinzi wa wanyamapori. Katika kiangazi cha 2022, serikali ilitangaza kwamba ndovu 205, nyumbu 512 na pundamilia 381 walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba, Amboseli ikiwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Mizoga haijihesabu, kuna aliyeifuata mmoja mmoja kwa miguu. Mei 2023, wafugaji wa Mbirikani, jirani na Kimana, waliua simba sita kwa siku moja baada ya mbuzi wao kuliwa. Mlinzi aliyezaliwa miongoni mwa wafugaji hao huwa mtetezi wa simba mchana, na jioni ni ndugu wa aliyepoteza mifugo. Hata akivua sare, malalamiko humfuata nyumbani.

Kwa mwalimu na muuguzi, kinachoumiza ni mazoea ya wakubwa. Kazi ngumu hupewa anayeiweza, naye mzembe huachwa aende zake. Cheti cha mfanyakazi bora, tukisema kweli, mara nyingi huwa hati ya kuongezewa mzigo. Na kwa kuwa hodari huona haya kulalamika, hali yake hujulikana pale anapoanza kuwafokea wagonjwa au wanafunzi aliowapenda.

Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo yenye malipo isiyopungua siku 21 za kazi kila mwaka. Lakini likizo haifai kitu iwapo simu ya ofisi inalia kila asubuhi na mafaili yanamngoja mezani yakiwa yameongezeka. Mwajiri anapaswa kuteua wa kushika nafasi yake na kugawa mzigo upya kabla hajarejea.

Iwapo huzuni, kukosa usingizi au mawazo ya kujidhuru yatamwandama mtu, hata nje ya kazi, huenda ikawa ni sonona. Huo ni ugonjwa, na amwone daktari bila kukawia.