Juu ya Kutunga Sentensi za Kiingereza Huko Tunduma

Mapatano ya Wajerumani na Waingereza ya mwaka 1890 yaliwagawanya Wanyamwanga. Wa ng'ambo walikisikia Kiingereza mapema kwa Waskoti wa misheni ya Mwenzo. Wa Tunduma walikingoja mpaka utawala wa Wajerumani ulipokoma.

Hata leo mwanafunzi apewapo maneno boy, go, school ili atunge sentensi, pengine huyapanga vivyo hivyo. Tusimdhanie mjinga. Kwetu «Mvulana huenda shuleni» ni maneno matatu, kwa kuwa hu- na -ni zimeshikamana nayo. Mwingereza hunena matano: The boy goes to school. Basi yafaa tumwonyeshe kwanza viungo vya lugha yake, ndipo tumdai vya kigeni. La sivyo, aonywaye kila siku hunyamaza.