Pale pa Kufungia

Kabati lilikuwa la mninga, la milango mitatu, na nililifuata mwenyewe Keko, Dar es Salaam, kule ambako vitanda na makabati yamepangwa kando ya barabara kiasi kwamba mgeni hana haja ya kuuliza njia. Vijana wanne walilipandisha kwenye pikapu wakalilaza chali. Utingo niliyemkodi akazunguka gari mara mbili, kamba ya manila mkononi, akainama, akachungulia kila kona ya bodi, kisha akaniuliza:

"Bosi, pale pa kufungia pako wapi?"

Hapakuwapo. Kamba ikapitishwa chini ya bampa la nyuma, ikazungushwa kwenye bawaba ya mlango wa bodi, ikaishia kwenye kitu chembamba nyuma ya kabini ambacho hakikutengenezwa kushikilia chochote. Tulipokaribia Bunju bodaboda ilikatiza mbele yetu, nikakanyaga breki. Kabati likaserereka, likagonga kabini, na mlango mmoja ukapasuka kuanzia juu hadi kwenye kitasa. Mlio wa mninga unaopasuka bado ninao masikioni.

Kabati lilitengenezwa, siku hizi limejaa mashuka. Kilichobaki kunisumbua ni lile swali. Lisikilize tena: pale pa kufungia pako wapi. Pa imerudi mara tatu, sentensi nzima inapatana na nomino ambayo haimo. Utingo yule amefunga mizigo maisha yake yote, na kitu anachokitafuta kila asubuhi kabla ya kitu kingine chochote hakina jina mdomoni mwake.

Siku chache baadaye nikaenda kwa fundi wa kuchomelea. Nikamweleza, nikionyesha kwa vidole pembe za bodi. Akanielewa kabla sijamaliza. "Unataka nikuwekee vile vya kufungia."

Vile vya. Jina halipo kwake pia, ila kiambishi kimebadilika, na badiliko hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya. Utingo anaona mahali, yaani pale kamba inapoishia na wasiwasi wake unapotulia. Fundi anaona kitu: kipande cha chuma atakachokikata, atakachokikunja na kukihesabu wakati wa kulipwa. Wote wawili wanazungumzia sehemu moja ya gari, isiyozidi upana wa kiganja, na sarufi ya Kiswahili imewapa kila mmoja ngeli inayolingana na kazi yake bila wao kufikiri. Si kila lugha ina ngeli ya mahali. Sisi tunayo, na mtu anayefunga kabati barabarani anaitumia kwa usahihi kamili, ila nomino ya kuitawala hajapewa.

Ajabu ni kwamba kwenye upande wa kamba yenyewe hatukosi maneno. Kuna uzi, ugwe, kamba, ukambaa uliosokotwa kwa miyaa, na amari ya kushikia nanga. Mabaharia wa jahazi wana henza ya kupandishia foromali, jarari inayopita kwenye gofia, na demani ya kuongozea tanga, kila kamba na jina lake kulingana na kazi yake, kwa sababu usiku, baharini, huwezi kumwambia mwenzako "vuta ile kamba". Mtepe, chombo cha zamani cha pwani ya Lamu, ulishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigiliwa misumari. Watu walioweza kuvuka bahari ndani ya chombo kilichoshikiliwa na kamba hawakuwa maskini wa msamiati wa kufunga. Na kamba zetu za leo nazo zina safari zao. Katani ililetwa Tanga mwaka 1893 na Richard Hindorf. Manila ni jina la mji wa Ufilipino, ingawa kamba tunayoiita hivyo madukani sasa ni plastiki.

Kitenzi nacho kimefanya kazi mpaka kimechoka. Tunafunga mlango, tunafunga ndoa, tunafunga Ramadhani, tunafunga goli, tunafunga safari, na mzigo nao tunaufunga. Anayetaka kuwa makini anayo maneno mengine. Kukaza ni kuivuta kamba isilegee. Kubana ni kuugandamiza mzigo uikalie sakafu. Kuwamba ni kuvuta kitu kitanuke kote sawasawa, kama ngozi ya ngoma au kamba za kitanda, nami nadhani ndilo neno sahihi kwa turubai lililofunikwa juu ya mzigo, kwa sababu turubai lililofungwa bila kuwambwa hupigapiga kwa upepo njia nzima mpaka linachanika.

Sasa majina tunayoazima kwa ile sehemu ya chuma. Nimeyasikia manne, na kila moja nina ugomvi nalo.

Ndoano ni ya mvuvi. Ina kijino cha ndani kinachomzuia samaki asichomoke, na ukiiweka kwenye bodi ya gari utaliumiza turubai na mkono wako. Kulabu iko karibu zaidi na ukweli. Ni chuma kilichopindwa, kimeachwa wazi upande mmoja, unapachika kitanzi cha kamba na kukichomoa bila kufungua fundo. Pikapu za Datsun za miaka ya 1970 zilitoka kiwandani na safu ya kulabu ndogo kwenye ubavu wa nje wa bodi, chini kidogo ya ukingo, na yeyote aliyewahi kufungia kamba pale anajua utamu wa kupachika huku na huku bila kupanda juu ya gari. Lakini uwazi huohuo ndio udhaifu wake. Mzigo ukitikisika, kamba ikalegea kwa sekunde moja, kitanzi kinaruka nje.

Pete haiachii. Lazima uingize ncha ya kamba, uivute yote, ufunge fundo, na jioni ulifungue kwa meno, lakini kamba ikilegea bado iko mle ndani. Kwa hiyo fundi akikuuliza kama unataka pete au kulabu anakuuliza swali zito: unataka wepesi au unataka uhakika? Nilichagua pete, kwa ajili ya lile kabati.

Jina la nne ni nanga, ambalo nimelikuta kwenye tafsiri za vitabu vya magari: "sehemu za nanga". Hili nalipinga kwa nguvu zote. Nanga hutupwa na kung'olewa, huenda chini mahali pasipoonekana na kukishikilia chombo kizima dhidi ya mkondo. Pete ya kwenye bodi haitupwi, wala gari halijasimama. Aliyetafsiri hivyo aliliangalia neno la kigeni, hakuiangalia pikapu.

Fundi alianza na nondo. Neno hili ni zuri lenyewe, limekuwa mdudu anayekula nguo, limekuwa joka la hadithi, na sasa ni chuma cha zege. Alikata vipande sita vya nondo ya milimita 12, na nikamwomba achague chuma laini kisicho na mabonde, kwa sababu nondo ya ujenzi ina mbavu zilizowekwa makusudi ili zege iishike, na mbavu hizo huitafuna kamba nyuzi moja baada ya nyingine kila gari linaporuka kwenye tuta. Alikikunja kila kipande kwenye bomba mpaka kikawa kama herufi U. Kisha akasimama, akagonga sakafu ya bodi kwa kifundo cha kidole. Ilitoa sauti ya debe.

"Hapa nikichomelea bati peke yake, mzigo utaondoka na bati," alisema.

Bodi ya pikapu ni bati jembamba lililokunjwa mifereji ili lipate ugumu, na pete iliyochomelewa juu ya bati hilo inashikiliwa na kitu kinachoweza kuchanika. Alitafuta chini ya gari zile boriti za chuma zinazobeba sakafu, akaweka alama kwa chaki mahali zilipo, na pale ambapo pembe haikuwa na boriti akatoboa na kuweka bolti yenye bamba nene kwa chini, ili nguvu isambae badala ya kukusanyika kwenye tundu moja. Kabla ya kuwasha mashine alichomoa waya hasi wa betri, akahakikisha tangi la mafuta liko mbali na moto. Matundu yote yalipakwa rangi ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, maana kutu huanzia kwenye tundu lililoachwa bila rangi.

Nilimuuliza kwa nini pete zikae chini, karibu na sakafu, akasema ndivyo zinavyokaa. Nilikwenda kujifunza mwenyewe. Kanuni za Marekani kwa magari ya biashara zinataka mzigo uhimili kusukumwa kuelekea mbele, wakati wa breki, kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na kuelekea ubavuni au nyuma kwa asilimia 50. Kabati la kilo 100 basi linataka kuzuiwa kana kwamba kilo 80 zinaning'inia kuelekea kabini. Kamba iliyopitishwa juu ya mzigo hailivuti kabati kurudi nyuma. Kazi yake ni kuligandamiza sakafuni, na msuguano ndio unaolizuia. Ikishuka wima hadi kwenye pete iliyo chini inagandamiza kwa nguvu yake yote, ikilala kwa pembe ya nyuzi 30 kutoka sakafuni inabaki nusu tu. Utingo wangu, aliyelazimika kuipeleka kamba kwenye bampa mbali kule nyuma, alikuwa akikaza kwa jasho na nusu ya jasho hilo lilipotea hewani. Hakukosea kufunga. Hakuwa na pale.

Ndiyo maana nalitaka jina. Kitu kisicho na jina hakiulizwi wakati wa kununua gari, hakiandikwi kwenye orodha ya ukaguzi, na hakitajwi kijana anapofundishwa kazi. Anaambiwa "tafuta pa kufungia", naye anapata bawaba.

Neno ninalolipendekeza halihitaji kamati. Kiswahili kina mlango wake: chukua kitenzi cha kutendea, weka o mwishoni. Chujia, chujio. Kimbilia, kimbilio. Egemea, egemeo. Chinjia, machinjio. Tazama uzuri wa mlango huu. Chujio ni kifaa, kimbilio ni mahali, na umbo ni lilelile. Kiambishi hicho hakibagui kati ya kitu unachofanyia kazi na mahali unapoifanyia, na pete yangu ni vyote viwili. Fungia, fungio. Pikapu yenye mafungio sita: manne pembeni, mawili katikati.

Nimelipima neno hilo dhidi ya hofu moja. Kufungia pia ni kumzuilia mtu ndani, na mchezaji aliyefungiwa hachezi, kwa hiyo kuna atakayesikia mafungio akafikiri mahabusu. Lakini kifungo nacho ni cha shati na ni cha gereza, na hakuna aliyewahi kuogopa kuvaa shati. Mzigo ukiwa jirani na neno, maana inajiweka sawa. Panapokuwa na shaka, sema fungio la kamba.

Kazi ilipoisha niliomba risiti. Fundi alifuta mikono, akashika kalamu, akasita kwenye mstari wa maelezo.

"Hivi tunaviitaje?"

Nikamwambia: mafungio. Akalitamka mara mbili, polepole, akitazama pete zilizokuwa bado na joto. Kisha akaandika kwa herufi kubwa: VIFUNGIO 6.