Tangu Mathari Hata Simu ya Mkononi

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Watu wengi huitaja mithali hii kwa ajili ya maradhi ya mwili, lakini yaliyofichwa zaidi katika nchi yetu ni maradhi ya akili. Yafaa basi, msomaji, tuchunguze jinsi matibabu yake yalivyoanza Kenya, kwa nini watu wa Nyeri na wa miji mingine ya Mlima Kenya walikuwa na sababu ya kuyaogopa, na kama simu ya mkononi yaweza kumfikishia maskini faraja ambayo hospitali haikumfikishia.

Mwaka wa 1910 serikali ya kikoloni ilifungua nyumba ya wenye wazimu mjini Nairobi, mahali palipokuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Mwaka wa 1924 nyumba hiyo ikaitwa Hospitali ya Akili ya Mathari. Usiichanganye na Mathari ya Nyeri, iliyo na hospitali ya misheni ya Consolata. Katika ile ya Nairobi wagonjwa waliwekwa mbalimbali kwa rangi zao, na sheria iliyotumika ilikuwa ya Bara Hindi ya mwaka wa 1858, ambayo ilishughulikia zaidi kumfungia mtu kuliko kumponya. Haikuondolewa mpaka mwaka wa 1949. Kwa mkulima wa Tetu au Othaya, hospitali hiyo ilikuwa mwendo wa kilomita 150 hivi; na aliyepelekwa huko alionekana kama mtu aliyetupwa.

Tangu mwaka wa 1938 hata 1950 hospitali hiyo ilisimamiwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1953 alidai kwamba Mwafrika haitumii ipasavyo sehemu ya mbele ya ubongo wake. Wakati huo nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na serikali ikamwomba aeleze chanzo cha vita vya Mau Mau. Maelezo yake yalitoka mwaka wa 1954. Badala ya kuitazama ardhi iliyonyang'anywa kuwa ndiyo kiini cha ugomvi, yeye alitazama kasoro alizodhani zimo katika akili za Wakikuyu. Akaunga mkono wakusanywe vijijini. Kufikia mwisho wa mwaka wa 1955, watu zaidi ya milioni moja wa Kiambu, Murang'a, Nyeri na Embu walikuwa wamehamishiwa katika vijiji zaidi ya 800, vingi vikiwa na handaki na ulinzi. Hivyo elimu ya akili, ambayo ingeliwafariji watu hao, ilitumiwa kuwanyamazisha. Je, ni ajabu wazee kunyamaza?

Baada ya Uhuru mambo yalibadilika polepole. Sheria mpya ilitungwa mwaka wa 1989, ikarekebishwa mwaka wa 2022. Desemba 2018 Nyeri ilikuwa mojawapo ya kaunti nne zilizochaguliwa kujaribu mpango wa afya kwa wote, pamoja na Kisumu, Isiolo na Machakos. Mwaka wa 2020 jopo lililoongozwa na Dakta Frank Njenga lilishauri maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la taifa. Na Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichomfanya mkosaji mtu aliyejaribu kujiua hakipatani na Katiba.

Wakati huohuo simu iliingia mikononi mwa watu. M-Pesa ilipoanza mwaka wa 2007, ilithibitisha kwamba simu ndogo isiyo na intaneti yaweza kufanya kazi kubwa. Mwaka uo huo utafiti ulianza katika zahanati za Nairobi na Kajiado, ukiwahusu watu 538 wenye virusi vya UKIMWI. Nusu yao walipelekewa ujumbe mmoja kila wiki: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida", na aliyejibu shida alipigiwa simu na mhudumu. Hao walifuata matibabu vizuri kuliko wenzao. Angalia, msomaji: kilichosaidia si mashine peke yake, bali mtu aliyekuwa nyuma yake akingojea jibu.

Kadhalika, mwaka wa 2020 ulichapishwa utafiti juu ya wanafunzi 103 wa shule ya sekondari nchini Kenya, waliofanya mazoezi ya kushukuru na ya kuamini kwamba mtu aweza kubadilika, kwa kikao kimoja tu, kwa kompyuta za shule. Baada ya majuma mawili huzuni ilikuwa imepungua zaidi kwao kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Mwanafunzi hakuhitaji kununua simu wala bando.

Hata hivyo tusidanganyike. Programu inayodai simu ya bei kubwa haimfai mchuma chai anayehesabu shilingi zake. Ikisema Kiingereza tu, mama wa soko la Karatina ataiacha, maana uchungu wa moyo husemwa kwa lugha ya nyumbani, iwe Kikuyu, Kimeru au Kiembu. Na simu inayotumiwa na jamaa nzima haihifadhi siri. Tena, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 yapasa kushikwa barabara, kwa kuwa watu hawa waliwahi kuona habari za akili zao zikigeuzwa kuwa silaha juu yao.

Basi chombo kitakachomfaa maskini ni kile kisichomtoza, kinachosema lugha yake, kinachotunza siri yake, na chenye mtu wa kumjibu. Mfano upo tayari: namba 116, ambayo mtoto yeyote wa Kenya aweza kuipiga bila malipo akapata msaada. Nawe, msomaji, siku mwenzako atakapokujibu "Shida", usimcheke wala usimfiche. Msikilize, kisha mpeleke kwa mtu mzima awezaye kumsaidia.