Kuzama na Kuzamia

Mjukuu wetu mmoja, kijana aliyezaliwa hapa Sydney, alitujia mwezi uliopita akitaka radhi zetu, na ada pia, ajifunze kuzamia meli zilizozama. Mama yake alikuwa ameshakataa. Sisi kwanza tulicheka, maana kwa lugha yetu mzamia meli ni yule anayejificha ndani ya chombo bila ya tiketi mpaka afike Ulaya, na katika familia zetu wapo. Kisha tukaona kwamba sisi tulioishi kwa kusoma karatasi hatuna haki ya kumkataza mtu kwenda kusoma mahali ambapo karatasi hazikufika.

Tukaenda kuuliza. Mwanafunzi huulizwa hali ya afya yake, hufundishwa darasani na katika bwawa, kisha baharini, na cheti cha kwanza humruhusu kushuka mita 18. Cha pili humfikisha mita 30. Kuingia ndani ya meli ni mafunzo mengine kabisa, kwani mle hamna njia ya kupanda juu moja kwa moja, na teke moja tu huinua tope hata mtu asione mkono wake mwenyewe. Kaskazini ya Sydney, karibu na Avoca, iko manowari Adelaide iliyozamishwa makusudi tarehe 13 Aprili 2011, baada ya kutobolewa matundu ubavuni ili wazamiaji wapate kuingia na kutoka. Ni mahali pazuri pa kujizoeza, maana haikuzama na mtu wala haina siri.

Dunbar ni habari nyingine. Usiku wa tarehe 20 Agosti 1857 merikebu hiyo iligonga majabali karibu na mlango wa bandari ya Sydney. Walikufa watu 121, akapona baharia mmoja tu, James Johnson. Ilipoenea mitungi ya hewa katika miaka ya 1950, wazamiaji waliichukulia kama duka lisilo mwenyewe, wengine kwa kutumia baruti. Sarafu na vitu vya abiria vikatawanyika majumbani. Sheria ya kuvilinda vyombo vya namna hii ilikuja 1976, na mwaka 1993 serikali ikatoa msamaha ili watu watangaze walivyonavyo. Vingi vilijitokeza. Lakini kijiko kilichokaa kabatini miaka arubaini hakiwezi tena kutwambia kilikuwa kando ya nini, wala cha nani. Leo chombo kilichozama katika bahari ya Australia, kikitimiza miaka 75, kinalindwa bila ya kungoja kutajwa jina.

Na sisi watu wa pwani tunalo fumbo letu katika mji huu huu. Mwaka 1944 askari wa jeshi la anga, Maurie Isenberg, aliokota sarafu katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini kabisa ya Australia. Nne zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi, na tano za shaba zina maandishi ya Kiarabu: ni sarafu za Kilwa. Zimo katika makumbusho ya Powerhouse, hapa Sydney. Wako wenzetu wanaopenda kusema kwamba ni ushahidi wa wazee wetu kufika huku kabla ya Cook. Tungefurahi sana iwe hivyo, lakini hatulisemi. Ziliokotwa mchangani, hapana ubao, hapana nanga, hapana kigae kilichoandikwa kuwa kilikuwa pamoja nazo. Mholanzi angeweza kuzileta, na wavuvi wa Makassar vilevile.

Tulimsimulia kijana kisa cha Mombasa, ambako kazi ilikwenda kinyume na hivyo. Merikebu ya Kireno Santo António de Tanná, iliyoundwa Bassein, Bara Hindi, ilikuja kuwasaidia Wareno waliozingirwa na watu wa Imam Seif bin Sultan ndani ya Ngome Kuu. Ilizama chini ya Ngome mwezi wa Oktoba 1697, na Ngome yenyewe ikachukuliwa Disemba 1698. Wazamiaji wa Mombasa waliigundua katika miaka ya 1960. Baina ya 1977 na 1980 Robin Piercy na wenziwe, pamoja na Makumbusho ya Kenya, waliichimba kwa utaratibu, wakipima mahali pa kila kitu na kukichora kabla ya kukiinua. Vilivyotolewa vimo Ngomeni. Mbao zilizobaki walizifunika tena. Akienda kuzamia pale leo hataona ila mchanga, na mchanga ule uliwekwa makusudi.

Alituuliza kwa nini habari zote ni za meli za Kizungu. Swali zuri. Chuma hudumu, na mizinga huonekana, bali majahazi na mitepe ya wazee wetu mbao zake hutobolewa na wadudu wa baharini mpaka zikesha. Kinachosalia pengine ni rundo la vigae tu juu ya fungu, ambalo mtu hulipita akidhani ni mawe. Ndiyo maana tunataka wawepo wazamiaji wanaokijua kigae cha mtungi wa kwetu wakikiona.

Ada tumelipa. Mama yake bado anatusalimia kwa mkato.