Tarehe 24 Februari 2011: Hasheem alitoka, Ish Smith akaingia

Najua wengi mko kwenye test, lakini kuna ubishi umekuwa mkali huku hosteli na nimeona badala ya kupigizana kelele koridoni niuweke kwa maandishi, tena kihistoria kama somo langu linavyotaka. Ubishi wenyewe ni wa Hasheem Thabeet. Kila akitajwa lazima atokee mtu aseme, "Yule si alichukuliwa namba 2 mbele ya Stephen Curry, akaboronga?" Watu wanacheka, mjadala unafungwa. Mimi nasema hapo ndipo ulitakiwa uanze.

Kwa wasiofuatilia kikapu twende taratibu. Kila mwaka timu za NBA zinachagua wachezaji wapya kwa zamu. Wanaita drafti, lakini siyo ile ya kete mnayocheza kijiweni. Wakati ule nafasi zilikuwa 60. Mwaka 2009 namba 1 alikuwa Blake Griffin, namba 2 Hasheem wetu akaenda Memphis Grizzlies, namba 3 James Harden, na namba 7 ndiye huyo Curry. Mwaka uliofuata, 2010, yakasomwa majina 60 mengine. Kijana mmoja wa chuo cha Wake Forest, mfupi kwa vipimo vya kikapu (mita 1.83), alisubiri mpaka mwisho na jina lake halikusomwa. Anaitwa Ishmael Smith, wengi wanamwita Ish. Houston Rockets wakamchukua hivyohivyo bila drafti.

Sasa basi, tarehe 24 Februari 2011, siku ya mwisho ya timu kubadilishana wachezaji, Memphis na Houston walifanya biashara. Memphis walimtaka Shane Battier. Wakampeleka Hasheem Houston pamoja na DeMarre Carroll na haki ya kuchagua mchezaji kwenye drafti. Houston wakamtoa Battier na, kama nyongeza tu, Ish Smith. Yaani namba 2 wa dunia nzima na mtu asiye na namba walipishana njiani siku moja, kwenye karatasi moja. Miaka miwili tu tangu drafti ya Hasheem!

Hapa inabidi nieleze kitu, maana sisi tumezoea soka. Mchezaji wa Simba hawezi kuamka asubuhi akakuta yuko Yanga bila kuweka saini yake. NBA inawezekana. Timu zinabadilishana mikataba, na mkataba ukihama na wewe unahama, mke na watoto watakufuata baadaye. Wenye haki ya kukataa ni wachache mno. Tena sheria inadai mara nyingi mishahara ya pande mbili ikaribiane, kwa hiyo mtu anaweza kuingizwa kwenye biashara si kwa sababu ya mchezo wake, bali ili hesabu ikubali. Mkataba wa namba 2 ni mnene, unafaa kujazia. Mkataba wa asiyechaguliwa ni mwembamba, unaingia popote. Wote wawili wanahamishika, ila kwa sababu tofauti.

Na zamani ilikuwa mbaya zaidi. Mchezaji alibaki kama mali ya timu hata mkataba ukiisha. Mwaka 1970 Oscar Robertson, akiwa kiongozi wa chama cha wachezaji, aliishtaki ligi mahakamani. Kesi ikaisha kwa makubaliano mwaka 1976. Uhuru wa kuondoka bila timu ya zamani kukuzuia ulikuja 1988, na Tom Chambers akawa wa kwanza kuutumia, akatoka Seattle akaenda Phoenix. Kwa hiyo huyu mchezaji wa kuhamahama tunayemzungumzia ni mtoto wa mambo mawili: uhuru wa mtu kuondoka mkataba ukiisha, na nguvu ya timu kumhamisha kabla haujaisha. Staa anaufaidi uhuru. Wa kawaida mara nyingi anakutana na ile nguvu.

Turudi kwa Ish. Shikeni kalamu. Kutoka Memphis, msimu wa 2011/12 alianza Golden State akamalizia Orlando. Februari 2013 Orlando wakamhamishia Milwaukee. Agosti 2013 Milwaukee wakamhamishia Phoenix, na huko alipata nafasi nzuri, timu ikashinda mechi 48. Julai 2014 akatemwa. Russell Westbrook alipovunjika mfupa wa mkono mwanzoni mwa msimu uliofuata, Oklahoma City Thunder wakamwita Ish azibe pengo. Westbrook akarudi. Februari 2015 wakamhamishia New Orleans, ambao walimwacha hata hajavaa jezi yao kwenye mechi, Philadelphia wakamuokota.

Mnadhani alitulia? Kiangazi akaenda Washington kwenye kambi ya maandalizi, akatemwa kabla ligi haijaanza. New Orleans wakamchukua safari hii kwa kweli. Halafu mkesha wa Krismasi 2015, Philadelphia hao hao waliokuwa naye miezi michache nyuma wakamrudisha kwa kutoa haki mbili za kuchagua kwenye raundi ya pili. Kwa nini? Walikuwa wameshinda mechi 1 na kufungwa 30. Hawakuwa na mtu wa kupandisha mpira na kuwatafutia wakubwa wa ndani pasi. Mechi ya kwanza na Ish, tarehe 26 Desemba, wakashinda. Msimu wakaumaliza na ushindi 10, bado aibu, lakini 9 kati ya hizo 10 zilikuja baada ya huyu bwana kushuka na begi lake.

Hapo ndipo watu walianza kumwona. Mwaka 2016 Detroit wakampa mkataba wa miaka 3 wa dola milioni 18. Akiwa na miaka 28 ndiyo mara ya kwanza anajua mwaka kesho atakuwa wapi. Halafu Washington 2019, Charlotte 2021 (mji aliozaliwa), Februari 2022 wakamrudisha Washington, na Julai 2022 akahamishiwa Denver. Hiyo ikawa timu yake ya 13, rekodi ya NBA. Kabla yake rekodi ilikuwa timu 12, wakiishikilia wanne: Chucky Brown, Tony Massenburg, Jim Jackson na Joe Smith. Juni 2023 Denver wakachukua ubingwa wao wa kwanza kabisa kwa kuwafunga Miami. Ish hakucheza sana kwenye mechi hizo, ila pete ni pete. Msimu wa 2023/24 akarudi Charlotte, msimu wake wa 14.

Angalieni vizuri hilo jina la mwisho kwenye wale wanne. Joe Smith alichaguliwa namba 1 mwaka 1995. Namba moja jamani! Kevin Garnett alikuwa namba 5 mwaka huohuo. Na Joe naye alizunguka timu 12. Kwa hiyo kuhamahama siyo ugonjwa wa waliodharauliwa peke yao.

Wengi wanasema mchezaji wa namna hii ni yule anayekataliwa kila mahali. Mimi nikiitazama orodha ya Ish naona kinyume chake. Kutemwa mara nyingi kunawezekana tu kama umetakiwa mara nyingi. Timu 13 maana yake makocha wengi walipiga simu wakasema huyu anatufaa. Alikuwa na mbio, alishika mfumo mpya haraka, alikuwa nafuu, na alikubali kukaa benchi bila kununa. Ukiwa na nafasi kama 15 tu kwenye kila timu, na timu 30, hizo ni ajira 450 hivi duniani kote. Kukaa humo misimu 14 si bahati.

Na Hasheem? Haki yake nayo isemwe. Alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi, umri ambao wenzake Marekani wameshacheza miaka kumi. Akiwa Connecticut alikuwa mlinzi bora wa ligi yao ya Big East mara mbili, 2008 na 2009, na alifika nusu fainali ya vyuo. Lakini Februari 2010, hata msimu wa kwanza haujaisha, Memphis walimshusha ligi ya chini, wakati ule hakuna aliyechaguliwa juu namna ile aliyewahi kushushwa. Houston hakupewa dakika. Portland vilevile. Oklahoma City alikaa misimu miwili. Jumla mechi 224 za NBA, na Mtanzania wa kwanza kuzicheza. Kisha mnasema kaishia? Akacheza Japani, akarudi ligi ya chini Marekani, akaenda Taiwan, na mwaka 2025 alivaa jezi ya Dar City hapa nyumbani, akikaribia miaka 40. Hiyo ni kazi ya mtu anayeupenda mpira hata kamera zikizimwa.

Tofauti kubwa ninayoiona ni hii. Ish hakuna aliyemdai kitu, kwa hiyo kila alichofanya kilihesabiwa faida. Hasheem alipewa namba, na kila alichofanya kilipigiwa hesabu na ile namba. Mtu akicheza dakika 10 vizuri, kwa Ish ni "safi sana", kwa Hasheem ni "ndiyo namba 2 huyo?"

Sisi wa education hili linatuhusu kuliko tunavyodhani. Drafti ni watu 60, sawasawa na mkondo mmoja wa darasa kwenye shule nyingi tutakazopangiwa. Tutaandika kwenye ripoti "wa 2 kati ya 60" na mzazi ataamini ameshaona mwisho wa hadithi. Namba ile inasema mtoto alikuwaje siku ile ya mtihani, basi. Mwaka 2010 yalisomwa majina 60, na aliyeweka rekodi hakuwemo hata kwenye 60.

Haya, niende library. Mwenye hoja ya Curry ailete, ila aje na tarehe.