Vazi la Mgeni, Kutoka Mikindani hadi Msimbati

Siku za Idi na Pasaka, barabara ya kutoka Mtwara mjini kwenda Msimbati hujaa magari na bodaboda. Familia nzima hupita Madimba na sufuria za pilau, spika za muziki na mipira ya matairi ambayo watoto wataelea nayo. Wakifika, hukuta mchanga mweupe, mgumu kiasi kwamba magari hutembea juu yake hadi karibu na maji. Kwa wakazi wa Mtwara, hiyo ndiyo bustani yao ya mapumziko. Hakuna bembea za umeme wala treni za kuchezea, lakini kuna bahari, kivuli na nafasi ya kukaa na watoto.

Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 650. Ndani ya mipaka yake kuna vijiji ambavyo watu wake walivua, walilima na kuzika wafu wao hapo kabla neno hifadhi halijatajwa. Mgeni anayeshuka garini na nguo ya kuogelea, kisha akakatiza kijijini kutafuta soda au vocha, amepita uani kwa watu. Wenyeji huudhika. Kijana wa mjini hujibu kwamba pwani ni pwani, na kwamba hata mvuvi hutembea kifua wazi.

Jibu la kijana linastahili kupimwa, maana lina ukweli ndani yake. Maji yakipwa, wanawake wa vijiji hivi hushuka mwambani kutafuta pweza na chaza. Mmoja hufunga kitenge juu ya sketi, akakikunja hadi magotini na kukichomeka kiunoni ili kisilowe. Kichwani ana kilemba cha kanga kuukuu, miguuni raba zilizochakaa zinazomkinga na miiba ya shefu, mkononi chuma chembamba cha kuchokolea pweza miambani. Magoti yako wazi na hakuna anayemsema. Maji yakianza kujaa, hurudi nchi kavu, hukichomoa kitenge, hukishusha hadi kwenye kifundo cha mguu, na huingia kijijini akiwa amejifunika kanga nyingine mabegani. Wavuvi nao hufanya vivyo hivyo. Anayevuta nyavu kifua wazi asubuhi utamkuta adhuhuri ana shati na msuli safi, anaelekea msikitini. Kwa watu wa pwani hii, kila mahali pana nguo yake, na kujua wapi unabadilisha ndiyo adabu yenyewe.

Adabu hiyo ina historia ndefu, na sehemu yake nzuri kuliko zote ni ile ya mwenyeji kumvisha mgeni. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, kabla hajafika Kilwa, alishukia Mogadishu. Ijumaa ilipofika, aliletewa mavazi kutoka kwa mtawala ili aende nayo msikitini: kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, kwa kuwa watu wa huko hawakuvaa suruali, kanzu ya kitani cha Misri, joho na kilemba. Hakukemewa wala hakurudishwa mlangoni. Alipewa nguo, akavaa, akaswali pamoja na wenyeji wake. Mji uliokuwa na desturi ya namna hiyo ulikuwa na msimamo kuhusu mavazi, tena msimamo mkali, lakini gharama ya msimamo huo aliibeba mwenyeji.

Pwani ya Ruvuma haikuwa maskini wa nguo. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliwasifu watu wa Kilwa kwa mavazi yao ya pamba na hariri. Kusini ya mdomo wa Ruvuma, katika visiwa vya Kerimba, kulifumwa kitambaa cha pamba kilichotiwa rangi ya nili. Wareno walikijua kwa jina la maluane, na visiwa vyenyewe wakaviita kwa jina la kitambaa hicho. Mto ulikuwa njia tu wakati huo. Mpaka ulichorwa baadaye na Wajerumani na Wareno. Hata leo, kwenye kivuko cha Kilambo, ni vigumu kumtambua kwa kanga yake mwanamke wa Tanzania na yule wa Msumbiji, ingawa ng'ambo kitambaa huitwa capulana.

Karne ya 19 ilileta nguo nyingi zaidi, na ilileta pia ukatili wake. Baada ya Sultani Seyyid Said kutia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, pamba nyeupe ya viwanda vya Massachusetts ilimiminika Unguja na kusambaa pwani yote. Watu wakaiita merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliikatiza biashara hiyo kwa muda, na nguo za India zikapata nafasi kubwa zaidi. Misafara ya bara haikuweza kuondoka pwani bila marobota ya merikani na kaniki, maana nguo ndiyo iliyokuwa fedha. Kwa mikono na kwa doti walilipwa wapagazi, ulinunuliwa mtama, na walitulizwa machifu waliodai hongo.

Mikindani ilikuwa mojawapo ya milango ya safari hizo. David Livingstone alishuka hapo mwezi Machi 1866 kuanza safari yake ya mwisho, akiwa na askari wa Kihindi, watu wa Komoro, vijana waliolelewa Nasik, India, ngamia na nyati. Bila shaka mji haukuwa umeona mseto kama ule wa mavazi: sare za jeshi la Bombay, kofia nyekundu, kanzu, na kofia ya daktari mwenyewe. Mji wa biashara huzoea sura ngeni haraka.

Lakini mji huohuo ulikuwa bandari ya watumwa, na hapo nguo ilitumika kuwashusha watu. Pwani nzima, mtumwa alitarajiwa kuonekana kuwa mtumwa. Mwanamume alijifunga kipande cha nguo kiunoni, bila kofia na bila viatu. Mwanamke alifunga kaniki chini ya kwapa, kichwa wazi. Kujifunika ilikuwa haki ya waungwana. Anayetaka leo kutetea heshima ya mavazi kwa jina la mila anapaswa kuikumbuka sehemu hiyo ya mila pia: wanawake wengi waliopita Mikindani walinyimwa nguo ya kujisitiri na watu waliojisitiri vizuri sana.

Ndiyo maana kanga, iliyoenea kuanzia miaka ya 1870 na 1880, ilipokewa kwa hamu kubwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922 chini ya Waingereza. Wanawake waliotoka utumwani waliiacha kaniki na kununua doti ya kanga yenye rangi, moja ya kujifunga na moja ya kujitanda. Leo tunaihesabu kanga kuwa vazi la bibi zetu, la kiasi na la heshima. Kwa wengi wa bibi hao ilikuwa tangazo la kwamba hawana bwana tena.

Bara kidogo ya pwani, kwenye uwanda wa Makonde, uzuri ulikuwa na alama nyingine. Mjerumani Karl Weule, aliyezunguka Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, aliwapiga picha wanawake wenye ndonya kwenye mdomo wa juu na chale usoni. Aliporudi Leipzig aliandika kitabu kilichowashangaza wasomaji wa Ulaya. Watu wa pwani nao walishangaa kwa namna yao. Wamakonde waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na wengine waliokimbia vita vya ukombozi vilivyoanza Septemba 1964, walichekwa mijini kwa chale zao. Nyuso zilizochanjwa kwa ustadi kijijini zikawa sababu ya dhihaka sokoni.

Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA, walioanzisha makazi ya watumwa walioachwa huru Masasi mwaka 1876, walikuwa na busara zaidi kuliko wakoloni wengi. Hawakuona haja ya kuwageuza Waafrika kuwa Wazungu kwa mavazi. Askofu Vincent Lucas wa Masasi alifika mbali zaidi, akaifanyia jando sura ya Kikristo badala ya kuipiga marufuku. Ndani ya jando na unyago ndimo vijana wa kusini walimofundishwa, na wengi bado wanafundishwa, namna ya kukaa mbele ya wakubwa, kusalimia na kujisitiri. Elimu ya mavazi ilikuwa na walimu wake, makungwi wanaojulikana kwa majina na wanaowajibika kwa wazazi.

Baada ya uhuru, walimu wengine walijitokeza. Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la kupiga vita sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Operesheni Vijana ilipangwa kuanza tarehe 1 Januari 1969. Kabla hata tarehe hiyo haijafika, makundi ya wanaume Kariakoo, Dar es Salaam, yaliwavamia wanawake, yakawashusha kwenye mabasi na kuwachania nguo. Waliosema wanapinga uchi wakawavua watu nguo barabarani. Ni jambo la kuhuzunisha, na halijasimuliwa vya kutosha kwa vijana wa leo. Unguja, Umoja wa Vijana wa Afro-Shirazi nao uliziandama sketi fupi na bugaluu.

Haikuwa Tanzania peke yake. Katika miaka hiyohiyo ya 1960, Disneyland ya California, bustani ya familia iliyofunguliwa mwaka 1955, ilikuwa ikiwarudisha langoni vijana wa kiume wenye nywele ndefu. Kila upande wa dunia, wakubwa walikiogopa kizazi cha watoto wao na wakaanza na nguo na nywele.

Na wakati Operesheni Vijana ikipamba moto, sindimba ya Wamakonde ilikuwa ikipigiwa makofi majukwaani. Kikundi cha taifa cha ngoma, kilichoanzishwa mwaka 1963, kiliichukua kutoka kusini na kuipeleka mbele ya viongozi na wageni wa serikali, wachezaji wakiwa wamefunga kanga nyongani na viuno vikizungushwa. Taifa lililochukizwa na paja la msichana wa mjini lilijivunia kiuno cha mchezaji wa Newala. Wapo walioona kasoro hapo. Mtu wa kusini haoni ajabu: kiuno kina mahali pake, na ngomani ni mahali pake.

Serikali haijaacha kulishughulikia suala hili. Waraka wa mwaka 2007 uliwawekea watumishi wa umma miongozo ya mavazi ofisini. Mwaka 2021 Spika Job Ndugai alimtoa bungeni mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, kwa sababu ya suruali aliyovaa. Mwaka huohuo Zanzibar ilitangaza faini ya dola 700 kwa watalii wanaotembea nusu uchi mitaani. Zanzibar ina watalii wengi na ina haki ya kuchoka; anayepita na bikini mbele ya madrasa ya Mji Mkongwe amewakosea watoto. Lakini ni wazi pia kwamba katika orodha hii ndefu, kuanzia Kariakoo hadi Dodoma, anayesimamishwa na kupimwa kwa macho mara nyingi ni mwanamke. Mwanamume anayeingia dukani kwa mangi akiwa na kaptura yenye maji na kifua wazi hupewa chenji yake na kuagwa.

Msimbati haijafika kwenye faini, na isifike. Gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982 na kuanza kutumika kuzalisha umeme wa Mtwara katika miaka ya 2000, imeleta wahandisi na wafanyakazi wa kila taifa. Barabara zikiboreshwa, wageni wa mapumziko wataongezeka. Wenyeji wana haki ya kusema wanataka nini kabla mgambo na wageni hawajaanza kusema kwa niaba yao.

Msingi wa kisheria upo. Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994 inavitambua vijiji vilivyomo hifadhini na kuvipa nafasi katika mpango wa usimamizi. Nafasi hiyo imetumika zaidi kujadili nyavu, mikoko na miamba, mambo muhimu kweli. Mavazi ya wageni yanaweza kuingia kwenye mkutano uleule. Kijiji kinaweza kuamua mpaka uko wapi, mnazi gani au kibanda gani, ambapo baada yake kila mtu, mwanamume na mwanamke, hujifunika kutoka mabegani hadi magotini. Mgeni anaweza kuelezwa hivyo anapolipa kiingilio, kwa Kiswahili na kwa Kimakonde kwa wale wa kutoka mjini, kwa Kireno kwa wale wa ng'ambo, na kwa Kiingereza.

Na kwa anayefika mikono mitupu, kikundi cha akina mama wa Msimbati kinaweza kukaa hapohapo kwenye mpaka na kanga za kukodisha au za kuuza, doti kwa doti. Fedha ingebaki kijijini. Anayewasemesha wageni angekuwa mama mtu mzima aliyekwishawacheza unyago mabinti kadhaa, anayejua kumwambia kijana wa watu, "Mwanangu, jitande kidogo ndipo uingie," bila kumshika nguo.