Sutie na vipimo vyake: namba na herufi haviachani

Wazee husema: nguo ya kuazima haisitiri matako. Leo nataka kuongea juu ya nguo moja ambayo sisi watu wa Fizi na Baraka tuliiazima kwa wageni, tukaivaa, tukaizoea, lakini sheria zake hatukuzichukua. Ni ile nguo ya ndani inayoshika matiti. Watanzania huiita sidiria. Kwetu wengi husema sutie, kwa kufuata Kifaransa. Wengine watacheka. Lakini mavazi ni sehemu ya mila, na jambo linalogusa mwili wa mama zetu na binti zetu si la kucheka.

1. Nguo isiyokuwa na namba

Bibi wa bibi zetu walivaa magome ya miti yaliyopondwa mpaka yakalainika, na ngozi. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka Zanzibar ilifika Ujiji, na kitambaa cheupe cha merikani kikavuka ziwa Tanganyika. Kilipimwa kwa mwili wenyewe: mkono mmoja ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole; mikono minne ni shuka; mikono minane ni doti.

Baadaye kikaja kikwembe. Katika miaka ya 1970 Mobutu, kwa siasa yake ya uhalisi, aliwakataza wanawake suruali na sketi fupi, na kikwembe kikawa ndilo vazi la heshima. Katazo hilo liliisha mwaka 1990, lakini kikwembe kilibaki.

Angalia jambo moja: shuka na kikwembe havina namba. Mama alijifunga juu ya matiti, akakaza fundo mwenyewe. Akiwa na mimba, akinyonyesha, akikonda, alilegeza ama kukaza. Nguo ndiyo iliyomfuata mtu.

2. Sutie ilitoka wapi

Huko Ulaya wanawake walikuwa wakibanwa kwa korseti, vazi gumu la kufunga kiwiliwili kizima. Mwaka 1889 huko Paris, Herminie Cadolle alionyesha korseti iliyokatwa vipande viwili. Kile cha juu kilishika matiti. Mwaka 1914 Mary Phelps Jacob wa Marekani alipewa hati ya uvumbuzi wa sutie nyepesi. Ya kwanza aliitengeneza kwa leso mbili na utepe.

Kwa miaka mingi haikuwa na herufi. Ni mwaka 1932 ndipo kampuni ya S. H. Camp ya Marekani ilianza kutumia A, B, C na D kwa ukubwa wa matiti. Basi hata kwa wenyewe, hesabu hii haijafika miaka mia.

3. Namba ni ya mbavu, herufi ni ya tofauti

Hapa ndipo wengi tunapopotea. Tunafikiri herufi peke yake inasema ukubwa wa titi: eti A ni msichana, D ni mama mzito. Sivyo.

Chukua utepe wa fundi wa kushona. Zungusha chini ya matiti, ukikaza kidogo: tuseme sentimita 75. Hiyo ni namba ya mkanda. Kisha zungusha juu ya matiti, pale yanapojaa, bila kubana: tuseme 90. Toa 75, inabaki 15. Herufi inatoka kwenye hiyo tofauti. Kwa kipimo kinachotumika Ujerumani, 12 mpaka 14 ni A. 14 mpaka 16 ni B. 16 mpaka 18 ni C. 18 mpaka 20 ni D. Mama huyu ni 75B.

Kwa hiyo kikombe cha B hakilingani kwa watu wote. Mkanda ukiongezeka, kikombe chenye herufi ileile kinakuwa kikubwa zaidi. Ndiyo maana 70C, 75B na 80A vina vikombe vya ukubwa mmoja. Mikanda tu ndiyo inatofautiana. Ukipanda namba moja, shuka herufi moja. Ukishuka namba, panda herufi.

4. Soko ya Baraka

Kwenye meza za mitumba nguo zinatoka nchi nyingi, na kila nchi ina hesabu yake. Mfaransa na Mbelgiji huongeza 15 juu ya kipimo cha mbavu: 75B ya Mjerumani kwao ni 90B. Mwingereza anahesabu kwa inchi, na kwa desturi ya zamani huongeza 4: mbavu za inchi 30 zinakuwa 34, na mama yuleyule ni 34B. Kumbe 75, 90 na 34 ni mtu mmoja! Asiyejua anaona 90, anaogopa, anaiacha. Ama anaona 75 ya Mjerumani, anadhani ni ya mtoto.

Mwingine akibanwa na kikombe anachukua mkanda mkubwa zaidi. Mkanda unalegea, unapanda mgongoni, na uzito wote unaenda kwenye kamba zinazokata mabega. Kazi ya kubeba ni ya mkanda, si ya kamba. Labda alihitaji mkanda uleule na herufi ya mbele. Na msichana anayetaniwa shuleni kwa sababu ya herufi D anaonewa bure: 70D na 80B ni kikombe kimoja.

Mwisho

Zamani binti alifundishwa na shangazi na bibi namna ya kujifunga nguo, kwa faragha, bila aibu. Somo hilo lisife kwa sababu nguo imebadilika. Mama, mwite binti yako, mchukue utepe, mpime mara mbili, mtoe hesabu pamoja. Na akianza kunyonyesha apime tena, kwa maana mwili umebadilika na namba ya zamani itambana. Kikwembe kilimfuata mama bila kuulizwa. Hii ya kuazima haifuati mtu asiyejua kuipima.